Kampeni ya uchawi haba inapokwama: dalili, chanzo na tiba

Kampeni nyingi za uchawi haba, yaani hadithi ndefu za Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, zinazochezwa kikao baada ya kikao, huanza na mwongozaji aliyechoka, yule anayesimulia dunia na kuwaendesha maadui. Amechoka kuona ukuta wa ngome ukirukwa kwa nuizo (tendo la uchawi) moja, maiti akifufuliwa kabla hajapoa, na jangwa la siku kumi likivukwa kwa kula vitunda vya miujiza. Anatangaza kwamba katika dunia yake mpya uchawi ni nadra, wachezaji wanashangilia, na vikao viwili vya mwanzo vinanoga. Kufikia cha nne watu wanakufa ovyo, au wanapiga miayo, au wananuniana, na lawama yote inaangukia wazo lenyewe.

Wazo mara nyingi halina kosa. Katika Dungeons & Dragons uchawi ni mfanyakazi wa nyumba nzima: unatibu, unamulika, unalisha, unasafirisha, unahoji mashahidi, na unaua visivyouawa kwa chuma. Ukimfukuza, kazi zake zinabaki pale pale. Kwa hiyo kila dalili nitakayoitaja naipima kwa swali moja: ni kazi gani imebaki bila mtu wa kuifanya?

Hesabu zote hapa ni za toleo la tano la D&D lilivyotoka 2014. Nikihama nitasema.

Dalili: baada ya kila pambano kundi linataka kulala

Hii ndiyo inayoongoza. Kundi linatoka kwenye pambano la kwanza likiwa nusu, la pili likiwa hoi, na saa nne asubuhi limeshapiga kambi. Mwongozaji anasema tatizo ni kukosa kasisi, mhusika anayetibu kwa manuizo. Huenda, lakini tupige hesabu kwanza.

Kasisi wa kiwango cha 5 mwenye Hekima 18 ana nafasi nne za manuizo ya daraja la kwanza, tatu za la pili na mbili za la tatu. Akizimaliza zote kwa Cure Wounds, nuizo la kutibu, asibakize hata moja ya kupigania, atarudisha wastani wa pointi 108 za uhai kwa siku. Hilo ndilo shimo la kufukia. Ni kubwa, lakini halitishi kama linavyodhaniwa.

Sasa mtazame mpiganaji wa kiwango hicho hicho mwenye Ustahimilivu 14. Ana pointi 44. Ana pia dadu tano za uhai, d10 (ya pande kumi) kila moja, ambazo akizirusha zote kwenye mapumziko mafupi zinamrudishia wastani wa pointi 37 na nusu. Juu yake ana Second Wind, uwezo wa kujirudishia uhai, 1d10 jumlisha 5, inayorudi kila anapopumzika. Anatembea na karibu uhai wa pili kibindoni, ila uhai huo una sharti moja: akae chini saa nzima. Asipokaa, haupo.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza, basi, ni saa. Hesabu ni mara ngapi kundi lako limepumzika kwa saa moja katika vikao vitatu vilivyopita. Kwenye meza zilizozoea kasisi jibu huwa ni sifuri, kwa kuwa hakukuwa na haja. Na mwongozaji naye amezoea kuweka hatari inayokimbiza kila mahali, mara mateka atachinjwa jioni, mara pango linajaa maji. Kitabu cha mwongozaji kinakadiria mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu kwa siku, yakikatwa na mapumziko mafupi mawili. Ukiondoa kasisi na ukaondoa pia hayo mapumziko, umeondoa tiba mara mbili. Weka vyumba vyenye mlango unaofungika kwa ndani, walinzi wanaobadilishana zamu, mvua inayowalazimisha maadui nao wajifiche. Mahali hapapungui utisho kwa kuwa na paa.

Chanzo cha pili ni kwamba hakuna aliyeshika kazi ya uganga. Kuna kipaji kinaitwa Healer ambacho kwenye kampeni za kawaida hakuna anayekigusa. Ukiwa nacho, matumizi moja ya mkoba wa dawa yanamrudishia mtu 1d6 jumlisha 4 jumlisha idadi ya dadu zake za uhai. Yaani mtu wa kiwango cha 5 anapata wastani wa 12 na nusu. Kila mtu anatibiwa hivyo mara moja, kisha mpaka apumzike ndipo atibiwe tena. Kwa kundi la wanne hiyo ni pointi 50 kabla ya mapumziko ya kwanza, 50 baada yake, na 50 baada ya yale ya pili. Jumla 150, zaidi ya kasisi aliyemaliza manuizo yake yote, kwa mikoba miwili ya dawa ambayo kila mmoja una matumizi 10 na unauzwa sarafu 5 za dhahabu. Vipaji ni hiari katika toleo la 2014, na toleo la 2024 limekibadilisha hiki. Kwenye kampeni ya uchawi haba ya 2014 mimi ningempa mtu mmoja kipaji hicho bure, tangu kiwango cha kwanza, na ningemwita tabibu wa kundi.

Kitu ambacho mkoba haukifanyi ni kuvuka umbali. Healing Word inamwinua aliyeanguka futi 60 mbali, na mnuizaji bado anabaki na tendo lake la kushambulia. Tabibu wa mkoba lazima afike, apige magoti, atumie tendo lake zima. Kwa hiyo aliyeanguka katikati ya maadui yuko taabani kweli. Hapa sipendekezi kulegeza kanuni. Pendekezo langu ni maadui wanaojali ngozi zao. Jambazi hapigani mpaka tone la mwisho kwa ajili ya gunia la chumvi. Kitabu cha mwongozaji kina kanuni ya hiari ya kuvunjika moyo: kiongozi wao akianguka, au wakibaki nusu, warushe dadu ya kujinusuru ya Hekima, lengo 10, wakishindwa wakimbie au wasalimu amri. Itumie kila mara. Mapambano yatafupika na majeraha yatapungua bila mtu kugusa hesabu.

Chanzo cha tatu mwongozaji hujiletea mwenyewe. Amesikia kuna kanuni ya hiari iitwayo Gritty Realism, ambapo mapumziko mafupi ni saa 8 na marefu ni siku 7, akaona inafanana na ladha anayoitaka, akaiongeza. Kanuni hiyo haiongezi ugumu wala haipunguzi. Inachobadilisha ni mwendo tu: mapambano yaliyokuwa ya siku moja sasa yatandazwe ndani ya wiki. Inafaa kampeni ya safari, fitina za mji na misimu inayopita. Ukiitumia ndani ya handaki lenye vyumba ishirini, umewaua. Chagua moja, handaki au wiki.

Dalili: mapanga hayamkati adui

Kundi linakutana na sanamu hai za mawe, zile zinazoitwa gargoyle, na pambano la dakika ishirini linakuwa la saa nzima. Chanzo kimeandikwa kwenye mstari ambao wengi huuruka: nusu ya madhara kutoka kwa silaha zisizo za uchawi. Gargoyle mwenye pointi 52 kwa kweli ana 104 mbele ya kundi lisilo na silaha ya uchawi, na kiwango chake cha ugumu, 2, hakikukuambia hivyo. Mtu-mbwamwitu ni mbaya zaidi. Ana pointi 58 na haumii kabisa kwa chuma cha kawaida, isipokuwa kilichopakwa fedha.

Kabla ya kila kikao pitia takwimu za viumbe wako ukitafuta mstari huo mmoja. Ukiukuta, jiulize kundi limeshapewa njia au bado.

Wengi huufuta mstari. Mimi naona ndio utamu wenyewe wa kampeni ya namna hii, mradi wachezaji wajue kabla. Kupaka fedha silaha moja, au mishale kumi, ni sarafu 100 za dhahabu. Hiyo ni shughuli ya kikao kizima kwa kundi maskini: nani mfua fedha, nani atamlipa, na kwa nini anatetemeka anapoulizwa. Kisha kuna moto, ambao mtu-mbwamwitu hana kinga nao: chupa ya mafuta ya taa ya sarafu moja ya fedha inaongeza madhara 5 ya moto kwa aliyemwagiwa akiguswa na moto ndani ya dakika moja. Na kuna mwinuko. Kuanguka ni 1d6 kwa kila futi 10, na ardhi si silaha, kwa hiyo kinga yake haimsaidii. Kundi lililomvuta mtu-mbwamwitu mpaka ukingo wa genge la futi 60 limefanya kazi ya uchawi kwa akili. Wapongeze, usitafute kanuni ya kuwazuia.

Wanaotumia kitabu cha viumbe cha 2025 hawatakutana na shida hii. Sharti la silaha za uchawi limeondolewa humo.

Kuna binamu wa dalili hii anayechelewa kuonekana: madhara yasiyopona. Kokatrisi humgeuza mtu jiwe kwa saa 24 kisha yanaisha yenyewe. Basiliski humgeuza jiwe mpaka apatikane mnuizaji wa Greater Restoration, nuizo kubwa la tiba, na katika dunia yako huyo hayupo. Maradhi ya mummy, maiti aliyekaushwa anayetembea, yanataka nuizo la kuondoa laana. Usiwaweke viumbe hawa mpaka umeshaamua tiba yake ni nini na iko wapi. Ikiwa ni damu ya basiliski yuleyule ikiwa bado moto, basi kundi lisikie uvumi huo kijijini siku mbili kabla, si baada.

Dalili: "Nampiga. Nampiga tena."

Vifo haviui kampeni kama hiki kinavyoiua. Mchezaji anafika zamu yake, anarusha dadu, anataja namba, anarudi kwenye simu. Mchawi alikuwa na manuizo kumi ya kuchagua; mwenye upanga ana upanga. Ulipoondoa uchawi uliondoa pia kitu ambacho hakikuandikwa popote kama kazi yake: kuwapa watu la kuamua.

Dawa ya kwanza iko kwenye vitabu tayari. Mpiganaji wa njia ya Battle Master kuanzia kiwango cha 3 ana mbinu tatu na dadu nne za d8 za kuzitumia, na zinarudi kila mapumziko mafupi: kumwangusha adui, kumnyang'anya silaha, kumsukuma, kumpa mwenzako nafasi ya kupiga. Kwenye uchawi haba, wape wote wanaopigana kwa chuma mbinu moja na dadu mbili, haidhuru ni wa taaluma gani. Nimeona meza zikiogopa kwamba hilo litavunja mizani. Mizani ipi? Umeshawanyima Fireball, nuizo la mpira wa moto.

Dawa ya pili ni kanuni za hiari za kitabu cha mwongozaji ambazo nusu ya waongozaji hawajui kama zipo: kunyang'anya silaha, kumpanda kiumbe mkubwa, kupenya katikati ya adui, kumsukuma pembeni badala ya nyuma. Ziandike kwenye karatasi moja, kila mchezaji awe nayo mbele yake. Kanuni isiyoonekana haitumiki.

Na ya tatu ni kazi yako mwongozaji. Uwanja mtupu ni adui wa kampeni hizi. Kila pahali pa mapigano pawe na vitu vitatu vinavyoweza kusogezwa, kukatwa au kuchomwa, na uvitaje kwa sauti unapoelezea chumba. Kamba ya taa kubwa juu ya meza ya karamu. Pipa la lami bandarini. Daraja ambalo mbao zake mbili zimeoza. Ukitaja, watatumia; usipotaja, watapiga na kupiga tena.

Dalili: mchawi mmoja ameikalia kampeni

Uliruhusu mchawi mmoja tu, kwa nia njema, ili awe wa pekee. Sasa kila tatizo linapelekwa kwake.

Chanzo ni kuchanganya uhaba na udhaifu. Nuizo la Sleep linaangusha wastani wa pointi 22 na nusu za viumbe, likianza na wenye uhai mdogo: goblini watatu wa pointi 7 wanalala bila kujitetea. Katika dunia iliyojaa wachawi kuna anayejua la kufanya. Katika dunia yako hakuna mlinzi aliyewahi kusikia habari hiyo, hakuna hakimu anayeuliza kama shahidi amerogwa, hakuna wa kulipinga nuizo hewani. Kadiri uchawi unavyokuwa haba duniani, ndivyo aliye nao anavyokuwa tajiri zaidi.

Wengi hukimbilia adhabu: kila ukinuiza rusha dadu, ukikosa unaungua. Angalia jambo hili lilivyofanywa vizuri kwingine. Warhammer Fantasy Roleplay, toleo la pili la 2005, humwachia mchawi mwenyewe achague atarusha dadu ngapi kwa nuizo moja, mpaka kikomo chake. Zikitoka mbili zenye namba sawa, balaa. Dadu moja haiwezi kufanana na yenyewe, kwa hiyo mwenye hofu anaepuka balaa hilo na mwenye tamaa anajua alichokitaka. Hatari ya aina hiyo ni uamuzi wa mchezaji. Hatari inayomwangukia kila zamu bila chaguo ni kodi tu, na mwisho wake ni mchezaji mwenye kisirani aliyeahidiwa mchawi akapewa mkosi. Kama humtaki mchawi mezani, sema kabla hajajaza karatasi yake.

Njia safi zaidi ni kubana daraja la manuizo badala ya kumtesa mnuizaji. Dunia huanza kubadilika kwenye daraja la tatu: hapo ndipo zipo Fireball, Fly ya kuruka angani, Revivify ya kufufua, na Create Food and Water inayolisha watu 15 kwa siku. Mchawi kamili anafika hapo kiwango cha 5. Paladini, yaani shujaa mtakatifu, na mlinzi wa pori wanafika kiwango cha 9. Eldritch Knight na Arcane Trickster, wale wapiganaji na wezi wenye uchawi kidogo, wanafika kiwango cha 13. Ukiruhusu hawa wa mwisho peke yao, kampeni yako ina uchawi unaoonekana na kutamaniwa, na hadi kiwango cha 12 hakuna atakayeruka wala kufufua. Ni kanuni ya sentensi moja.

Dalili: watu wote wamekuja na wanuizaji

Kitabu cha wachezaji kina taaluma 12 na nane kati yake zinanuiza. Hata katika nne zilizobaki, barbari, mpiganaji, mtawa na mwizi, kuna matawi yenye manuizo. Usishangae basi. Toa orodha ya yanayoruhusiwa, ukurasa mmoja, wiki moja kabla ya kikao cha kwanza. Anayempenda paladini mwachie nafasi zake za manuizo kwa ajili ya Divine Smite, pigo la silaha lenye nguvu takatifu, peke yake. Atabaki mtu wa kutisha bila kunuiza lolote.

Dalili: upelelezi umekwama, au umeisha kwa dakika tano

Kama umeisha haraka, kuna nuizo ulilisahau. Zone of Truth, linalowazuia watu kusema uongo, ni daraja la pili tu. Speak with Dead inamruhusu mtu kumuuliza maiti maswali matano, na hadithi ya mauaji haistahimili hata mawili.

Kama umekwama, uchawi ulikuwa ndio njia ya akiba pale wachezaji walipokosa dadu ya kupekua. Sasa akiba haipo. Kila ukweli ambao hadithi haiwezi kuendelea bila huo uwe na njia tatu za kufikiwa, na angalau moja isihitaji dadu: mtu anayetaka kusema, barua isiyofichwa vizuri, harufu. Vinginevyo kampeni hizi na upelelezi ni chanda na pete.

Dalili: safari ni hesabu tupu

Kundi la wanne kwa siku kumi linahitaji mgao wa safari wenye uzito wa ratili 80 na, kwenye jua la kawaida, galoni 40 za maji ambazo ni ratili 320 nyingine. Hakuna anayetaka kufuta namba hizo siku baada ya siku. Wengi wanapoona uchovu huo wanarudisha Goodberry, vile vitunda vya miujiza, kimyakimya. Badala yake hesabu kwa vituo: kundi linabeba vituo vitano, kila kisima kinarudisha viwili, njia ya mkato ina vitatu bila kisima. Uamuzi umebaki, karani ameondoka.

Kuhusu giza, wengi huzuia nuizo la Light na kushangaa handaki bado halitishi. Mvujo uko kwingine. Wahusika wa jamii ya elf, kibete, nusu-orki au tifling wote wanaona gizani tangu kuzaliwa. Binadamu na hafling hawaoni. Mwenge unawaka saa moja na kumulika futi 20 vizuri, lakini hakuna atakayeununua kama watatu kati ya wanne hawauhitaji. Ukitaka giza liume, zungumzia aina za wahusika kabla ya kuzungumzia manuizo.

Na usiuone muda wa safari kama hasara. Majahazi ya Bahari ya Hindi yalishuka pwani yetu na kaskazi, yakarudi Arabuni na kusi, na nahodha aliyechelewa alikaa bandarini miezi akisubiri upepo ugeuke. Dunia isiyo na Teleport, nuizo la kusafiri papo hapo, ni dunia yenye miezi hiyo: madeni yanaiva, ndoa zinafungwa, adui anajenga ukuta wake.

Dalili: dhahabu imejaa, hakuna cha kununua

Kwanza tuondoe hofu moja. Watu huamini kwamba bila panga la uchawi hesabu za viwango vya juu zinavunjika. Katika toleo la tano hazivunjiki. Mpiganaji wa kiwango cha 17 mwenye Nguvu 20 ana nyongeza ya 11 kwa silaha ya kawaida kabisa. Joka jekundu lililokomaa, ugumu 17, lina kinga ya 19, yaani namba ya kufikia ili kulipiga. Anahitaji 8 au zaidi kwenye d20, dadu ya pande ishirini. Atapata mara 13 kati ya 20. Tatizo lake litakuwa mabawa na moto.

Matoleo ya zamani ni kesi nyingine. Toleo la tatu na nusu limejengwa juu ya dhana kwamba mhusika wa kiwango cha 5 ana mali ya sarafu 9,000 na wa kiwango cha 10 ana 49,000, sehemu kubwa ikiwa ni vitu vya uchawi vinavyobeba kinga na mashambulizi yake. Ukivitoa bila kurudisha namba, majengo yanaanguka. Toleo la nne lilipata dawa yake 2009, nyongeza zinazokuja na kiwango badala ya kifaa, na Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, nayo ikapata ya kwake 2015. Wanaocheza toleo la tatu wana pia desturi inayojulikana kama E6, yaani kupanda viwango kunakoma kwenye cha 6 na baada ya hapo mtu anaongeza vipaji tu.

Zawadi yenyewe ipo tele. Deraya kamili ya chuma ni sarafu 1,500. Farasi wa vita 400. Merikebu 10,000. Ngome ndogo ni 50,000 na siku 400 za ujenzi, na katika siku hizo 400 kuna kampeni nzima ya mafundi wanaodai, majirani wanaochungulia na mfalme anayetaka kujua kwa nini mnajenga ukuta mnene hivyo.

Dalili: wachezaji wamekuwa waoga

Wanagonga kila jiwe kwa fimbo. Wamejua kwamba hakuna Revivify, hakuna Raise Dead, na mhusika wa miezi sita anaondoka kwa dadu tatu mbaya. Ongezeni mlango mmoja: anayeshindwa dadu ya tatu ya kifo anaweza kuchagua jeraha la kudumu kutoka kwenye jedwali la kitabu cha mwongozaji, jicho, mguu, kovu, mara moja tu katika maisha yake. Wakubaliane wote, iandikwe. Meza inayotaka kifo cha wazi iachane nayo.

Dalili: "Mbona wao wanaruhusiwa?"

Kila adui mkuu ananuiza, kila pango lina mtego wa uchawi, na kundi lina mikuki. Hapo wachezaji hawako kwenye dunia ya uchawi haba. Wako kwenye dunia ya kawaida, ila wao wamefungwa mikono. Lalamiko hilo ni la haki. Hesabu wanuizaji waliojitokeza katika vikao vitano vya karibuni. Wakizidi mmoja, punguza. Huyo mmoja awe na jina linalotajwa kwa sauti ya chini sokoni, na manuizo machache yanayojulikana mapema ili kundi lijiandae: wakijua kwamba lazima atamke, watakuja na kitambaa cha kumziba mdomo.

Kosa la upande wa pili ni dunia ya kijivu, ambamo mwongozaji ameuona uchawi kama marufuku. Hakuna kisima kinachoongea, hakuna usiku wa ajabu, ni kodi na kipindupindu. Haba si hakuna. Kitu kimoja cha ajabu kila baada ya vikao vichache, kisichoelezeka kwa kanuni na kisichouzwa, kinatosha.

Ikiwa umeshabadilisha kila kitu

Pima karatasi ya kanuni zako za nyumbani. Ikipita kurasa nne, mchezo uliouchagua unakupinga. Warhammer niliyoitaja ina wachawi wanaoogopwa tangu mwanzo, na Pendragon ya 1985 ilifanya wachezaji wote kuwa mashujaa wa farasi wa Mfalme Arthur, uchawi ukibaki mikononi mwa mwongozaji. Humo mtu hupona polepole, huzeeka na mwanawe huchukua upanga. Kuhama ni kazi ya vikao viwili vya kujifunza.

Ukiamua kubaki na D&D, kanuni za msingi za toleo la tano, hati iitwayo SRD 5.1, ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023. Unaweza kuzinakili, kufuta taaluma na manuizo usiyoyataka, kuandika mbinu za wapiganaji kwa Kiswahili na kuchapisha kijitabu cha meza yako, mradi utaje chanzo kama leseni inavyotaka. Vipaji karibu vyote na njia ya Battle Master havimo ndani ya hati hiyo, kwa hiyo hizo sehemu andika za kwako.